Hati Inayozaa Matunda

Harufu ya peasi zinazoiva gizani ni tamu kwa siku chache tu, kisha hugeuka kali na kuanza kunukia pombe. Nyumbani tulizivundika uvunguni mwa kitanda cha mama, ndani ya boksi la sabuni, tukazifunika kwa majani makavu ya mgomba. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kabla ya sauti ya mtu yeyote. Watu hunitazama vibaya ninaposema siipendi. Wananiambia nimekulia mahali pazuri, Lushoto, penye hewa safi na matunda, kwa hiyo ninapaswa kuwa na kumbukumbu nzuri. Ninazo. Ila nikizikaribia zinanuka pombe.

Tuliishi kota, juu kidogo ya mji, katika nyumba za matofali walizopangiwa walimu na watumishi. Baba alifundisha sekondari. Karibu wanawake wote wa kota walikuwa wamekuja na uhamisho wa waume zao, wengine wakitokea Tanga mjini, wengine Moshi, mmoja Songea. Walivaa masweta mawili mawili na kulalamika kwamba nguo hazikauki. Mama peke yake ndiye aliyezaliwa katika milima hii. Mwanzoni jambo hilo lilimshusha. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kishambaa, na wenzake waliiiga kwa kumtania, naye akacheka pamoja nao. Baadaye waligundua faida yake. Mama alijua ni ng'ombe wa nani maziwa yake hayatiwi maji. Alijua mfinyanzi ambaye chungu chake hakipasuki hata ukichemsha maharage siku nzima, na siku ambayo marobota ya mitumba hufunguliwa sokoni kabla wachuuzi hawajachagua nguo nzuri za watoto. Mnavu mchanga, asali isiyochanganywa na sukari, fundi wa kushona sare bila kuiba kitambaa, vyote alivijua. Akina mama wakaanza kuja kwetu jioni na vikombe vyao, wakikaa jikoni karibu na moto, na mama akawagawia mji wake kipande kwa kipande.

Kati yao, mama alimpenda zaidi Mama Neema. Mume wake alikuwa mkubwa ofisini, nyumba yao ilikuwa na bafu la ndani, na yeye alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti nene na vicheko vya karibu. Alimzidi mama umri, kwa hiyo mama alimwamkia kila asubuhi, na yeye akaitikia kama mtu anayempa mtoto pipi. "Mama Saumu," alikuwa akisema, Saumu nikiwa mimi, "wewe ungekuwa Dar ungefungua ofisi ya upelelezi." Mama alifurahi mpaka akasahau ugali jikoni. Siku hizo nilikuwa darasa la nne, na nilidhani furaha ile ilikuwa urafiki. Sasa najiuliza kama haikuwa nafuu ya mtu aliyeacha kuchekwa.

Mwaka huo, wakati wa peasi, mama aliwapeleka wenzake wa kota kwa bibi, mama yake mzazi, katika kijiji kilichokuwa chini ya kota, njia ya kuteremka mpaka magoti yanatetemeka. Bibi alikuwa mjane. Babu alimwachia nyumba ya miti na udongo na kipande cha shamba bondeni, kando ya mfereji. Kipande hicho ndicho kilichokuwa maisha yake. Kiangazi, mashamba ya mteremkoni yalipogeuka vumbi, bonde lilibaki kijani, na bibi alivuna kabichi na karoti, akapeleka sokoni, akarudi na chumvi yake na mafuta yake bila kumwomba mwanamume yeyote wa ukoo. Wajomba walikuwepo, na aliwapenda, lakini alipenda zaidi kutowahitaji. Akina mama wa kota walivua viatu, wakaingiza miguu katika maji ya mfereji, wakapiga kelele za baridi kama wasichana. Bibi aliwamenyea peasi za jirani. Wakati wa kuondoka Mama Neema alimwomba amwazime matuta machache, apande saladi na koliflawa za nyumbani kwake. Bibi hakukataa. Kwetu hakuna anayemnyima mgeni wa mwanawe kipande cha kulima.

Ni baada ya safari hiyo, jikoni kwetu, ndipo mama aliposema jambo ambalo sijalisahau. Nilikuwa nimeshika birika, namimina chai. Mtu aliuliza kama bibi hakuogopa kumpa mgeni shamba, na mama akaeleza, kwa ile sauti yake ya kuwachekesha, sauti aliyoitumia kila alipowaeleza mambo ya kwao.

"Kwetu ukiazimwa shamba unalima chochote kinachovunwa kikaisha. Mahindi, maharage, kabichi, lima tu. Mti hupandi. Ukipanda mti umeshasema hapo ni pako."

"Yaani mti ndiyo hati?" Mama Neema aliuliza.

"Ndiyo hati yetu."

"Kumbe Washambaa mna hati zinazozaa matunda."

Wote walicheka, na mama alicheka kuliko wote. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya makaa.

Masika yalipoingia, Mama Neema alipanda miche ya peasi kwenye ukingo wa matuta yake, mstari mmoja ulionyooka kando ya mfereji. Tuliikuta Jumamosi moja mama na mimi tulipompelekea bibi sukari. Miche ilikuwa mirefu kama mimi, imefungwa kwenye vijiti kwa vitambaa vya kanga kuukuu, udongo wa shinani bado mbichi. Mama alisimama, akaitazama, kisha akanitazama mimi, halafu akaangalia pembeni haraka. Bibi alikuwa akipalilia karoti zake kana kwamba hakuna jipya. Alipoona mama hasogei, alimwambia kwa Kishambaa asihangaike. Aliiona ikipandwa, akaiacha. "Yule ni mgeni," alisema. "Hajui. Kwake mti ni mti tu."

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu wa mahali pengine. Mtu wa mjini angeona miche angeing'oa, au angedai iandikwe karatasi. Bibi aliamini kwamba alama haiwezi kuwa alama kama aliyeiweka hajui maana yake. Kumwuliza mgeni kwa nini amepanda mti kungekuwa kumshuku wizi mtu ambaye, kwa hesabu za bibi, hakuwa na namna ya kuiba. Aliona haya kwa niaba yake. Na mama, aliyejua kwamba mgeni anajua, kwa sababu alimfundisha mwenyewe kwa kicheko na chai ya tangawizi, hakufungua mdomo. Kusema kungemlazimu kumweleza mama yake kwamba mila zao zilikuwa kichekesho cha jikoni. Kungemgharimu pia rafiki mwenye bafu la ndani. Tulipanda mlima kurudi kota. Jioni Mama Neema alikuja na kikombe chake, mama akamwekea kiti.

Miti ilikua. Mume wa Mama Neema alipostaafu hawakurudi kwao. Walinunua mashamba ya majirani wawili, juu na chini ya bonde, wakajenga, na siku bibi alipotaka matuta yake ayapumzishe, aliambiwa kwa upole kwamba kuna kutoelewana. Suala likapelekwa kwa wazee wa kijiji. Nilikuwa kidato cha pili, likizo, na nilikaa nyuma kwenye mkeka pamoja na wanawake. Hakuna aliyepiga meza, hakuna aliyehongwa, kwa kadiri nilivyoona. Wazee wale walikuwa watu wa haki. Walimwuliza bibi maswali yale yale ambayo wangemwuliza mtu yeyote.

"Miti ile aliipanda nani?"

"Aliipanda yeye."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulimkataza?"

"Sikumkataza."

Kisha mzee mmoja akageuka upande wetu, akauliza kama binti wa mlalamikaji ana lolote la kuongeza. Mama aliivuta kanga yake vizuri begani. Alisema hana. Mama Neema alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye msikitini, ingawa hakuwa Mwislamu. Kipande cha bondeni kikawa cha mwenye miti.

Bibi alihamia kwetu kota. Alipewa chumba cha watoto na blanketi jipya, akawa anaomba chumvi. Naomba nieleweke, hakuteswa. Alilishwa vizuri, aliamkiwa kwa adabu, na mpaka anafariki kila kitu alichotia mdomoni kilitoka mkononi mwa mtu mwingine. Chuo kikuu nilisoma kwamba mila za ardhi huwalinda wanawake kama yeye pale sheria za karatasi zinapowasahau. Niliinua mkono nikauliza zinawalinda dhidi ya nani. Mhadhiri akasema ni swali zuri, akaendelea na somo. Lakini hata swali langu lilikuwa la unafiki kidogo, maana mila haikufanya lolote. Ilikaa pale kama jembe lililoegeshwa ukutani, likachukuliwa na aliyekuwa na nguvu za kulima. Na aliyemwonyesha lilipo ni mama yangu, ambaye nampenda, na ambaye sijawahi kumwuliza.

Mwaka huu mdogo wangu Zaina, aliyezaliwa baada ya mambo hayo, alinitumia picha kwenye simu. Anaishi Goba, Dar es Salaam, na yumo katika kundi la akina mama wanaoelekezana sehemu za kupeleka watoto wikendi, soko la matunda ya bei nzuri, fundi wa kuaminika, yaani yale yale ya jikoni kwetu bila vikombe. Aliandika kwamba wamegundua sehemu Lushoto, bustani ya peasi kando ya mfereji, watoto wanachuma wenyewe. Nilikaa muda mrefu na neno lile, wamegundua. Tulipomwambia mama ni wapi, alisema twende, anataka kuiona miti.

Ni mirefu sasa, na magome yake yamechakaa. Kuna meza za mbao, vikapu vidogo vya kukodi, watoto wa mjini wakiingiza miguu majini na kupiga kelele za baridi. Mama Neema alitoka ndani na fimbo yake, amezeeka, akamtambua mama papo hapo. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri tangu darasa la nne.

"Shikamoo," mama alisema, akiinama kidogo.

"Marahaba, Mama Saumu. Karibuni sana. Jisikieni nyumbani."

Akatuletea sahani ya peasi zilizokatwa. Zaina alipiga picha. Tulikula, na zilikuwa tamu, hilo siwezi kulikana. Binti wa Zaina, Shamim, mwenye miaka minne, alipomaliza kipande chake alibaki na mbegu kiganjani, akateremka kwenye kiti, akachuchumaa kando ya mfereji na kuanza kuchimba kwa kidole, jinsi walivyofundishwa chekechea. Mama aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka kwa miaka mingi. Alimshika mkono, akakifungua kiganja, akaitoa mbegu, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake.

"Usipande hapa, mama," alimwambia. "Si kwetu."