Matimba Ndani ya Mtumbwi

Mimi ni mtu wa kusema. Mume wangu si mtu wa kusema, na tangu duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfukia, hata yale machache yake yaliisha. Wenzake walimfukua mzima, mbavu zimevunjika lakini roho ipo, tukamshukuru Mungu. Ila akawa hawezi kulala mlango ukifungwa. Mchana anakaa uani kwetu Kalangalala, amekodolea macho ukuta. Na wale wenzake, Mungu awasamehe, kila wiki simu: mwamba unatoa dhahabu, kaka, rudi! Nilijua akizidi kukaa bila kazi atarudi kule chini. Na moyo wangu uliniambia mara ya pili hawatamfukua mzima. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Habari za mtumbwi alizianza mwenyewe. Alizaliwa kando ya ziwa, na nyumba ya marehemu baba yake bado imesimama huko. "Tungekuwa na chombo cha kuvulia, tungehamia," alisema, kisha akarudi kukodolea ukuta wake. Mbao za mtumbwi wa kawaida hatukuziweza. Nikauza mbuzi wangu, tukaenda Katoro kununua plaiwudi, ile ile ya kupigia dari, tukairudisha kwa guta la magurudumu matatu, njia nzima upepo unataka kutunyang'anya.

Kazi yenyewe niliipenda, maana ni kama kushona. Unakata plaiwudi kwa kufuata alama, unatoboa matundu pembeni, unaunganisha vipande kwa waya, unakaza, na chombo kinainuka mbele ya macho yako. Kisha unashindilia pamba kwenye viungo, unapaka gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, ikikauka unapiga rangi ya mafuta, tena na tena. Pamba kwetu Usukumani si ya kutafuta. Mume wangu alianza hata kupiga mluzi akifanya kazi, nami nikajifanya sisikii ili asiache.

Jumapili moja nilirudi kanisani nikakuta amepigilia vipande vya mbao ndani ya mtumbwi, kutoka ubavu hadi ubavu. Kesho yake akaongeza vingine. Keshokutwa vingine! Wachimbaji wana nguzo zao wanazoziita matimba, za kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Basi ndizo alizokuwa akipiga mume wangu, ndani ya mtumbwi. Nikajaribu kuingia, goti likakosa pa kwenda.

Jirani yetu, mama mtu mzima wa asili ya Pwani anayeuza vitenge, akachungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Khee! Hiki chombo au tenga la kuku?"

Nikacheka, halafu hasira zikanipanda. Nikamgeukia mume wangu. "We baba! Ziwa lina dari? Huko nini kitakuangukia, sangara?"

Akaweka nyundo chini. "Siku ile matimba yalikuwa machache," akasema. "Nilisikia ubavu wa duara unasogea. Hata sasa, nikigusa hii plaiwudi, inasogea." Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake.

"Mwache, mwanangu," jirani akaninong'oneza. "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Nilimwonea huruma. Sikuyagusa matimba yake. Nilimwambia tu tuupeleke ziwani hivyo hivyo ulivyo.

"Wabeja," akanijibu, asante ya kwetu, kwa sauti ndogo.

Tukaufikisha ziwani, tukausukuma majini, ukaelea! Ila ulikaa chini mno kwa uzito, na sisi tumejibana juu ya vipande vya mbao, makalio yanauma. Yeye hakupiga kasia. Aliinama akaweka kiganja ubavuni. Wimbi likaja, plaiwudi ikabonyea, ikarudi. Likaja jingine. Akakaa vile muda mrefu, mimi nimeuma ulimi wangu nisiseme neno, na hiyo kwangu si kazi ndogo.

"Inarudi," akasema. "Inasogea, halafu inarudi."

Tukarudi ufukweni, akaomba msumeno kwa wavuvi. Alikata matimba yake mwenyewe, moja moja, akabakiza machache tu ya kukalia.

Tulipoingia tena majini simu ikalia. Wale wale. Akaisikiliza hadi mwisho, kasia liko magotini.

"Pigeni matimba ya kutosha, ndugu zangu, msibanie mbao," akawaambia. "Mimi niko kazini."

Nilipiga kigelegele, nikacheka, nikarusha mikono juu, mtumbwi ukayumba huku na huku.

"Tulia, wewe mwanamke, utatuzamisha!" akanifokea.

Tangu duara lilipomfukia hakuwahi kunipandishia sauti. Nikamwomba anifokee tena.