Pasi ya Marekani ilivyonichomea kanzu siku ya posa

Wakuu, salama?

Hili nalileta na aibu zangu zote. Siongezi chumvi, maana lenyewe linayo ya kutosha.

Mimi ni wa Busia, upande wa Uganda. Kwetu stima ikipotea, mtu anabeba nguo na pasi, anavuka Kenya kwa rafiki, anapiga pasi, anarudi kunywa chai. Plug ni zile zile za miguu mitatu, umeme ni ule ule. Basi nikajiona mzoefu wa umeme wa kimataifa.

Shangazi yangu alikuja likizo kutoka Marekani, akaniletea pasi. Nyepesi, inang'aa, miguu miwili bapa.

Asubuhi ya kwenda Tororo kumposa Zaina, stima hakuna. Nikabeba pasi na kanzu mpya nyeupe, nikavuka hadi kwa rafiki yangu Otieno, anayeuza vifaa vya simu. Nikamwomba adapter.

Akaigeuza pasi, akasoma chini.

"Boss, hii ni ya volti 120. Hapa ni 240. Adapter inabadilisha miguu tu, nguvu haipunguzi."

Nikamwambia aache wivu.

Wakuu, ilipata moto kabla sijamaliza kutandika kanzu! Nikafurahi, nikasema hawa Wamarekani hawapotezi muda. Nikaiweka mgongoni mwa kanzu.

Moshi. Harufu. Pasi ikalia "pa!" na duka lote likazima.

Kuinua, tobo la ukubwa wa chapati, kingo zake kahawia.

Aisee nilitaka kulia. Zaina amenisubiri miaka minne nijipange, halafu niende kwa baba yake na kanzu yenye dirisha?

Otieno akaniazima koti, akaniapisha nisilivue hata nikizimia.

Tororo jua lilikuwa kali. Baba yake Zaina ni fundi umeme mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaona navyotiririka jasho.

"Mtoto yangu, toa koti. Hapa ni kwako."

Nikakataa kwa adabu. Shangazi yake Zaina akadhani ni haya ya mkwe, akaja kunivua mwenyewe.

Tobo likawa hadharani.

Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kingo za tobo.

"Pasi ya wapi?"

"Marekani, mzee."

"Na wewe nakwenda kuweka kwa 240?"

"Ndiyo, mzee. Na adapter."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka hadi anakohoa. Ni Zaina. Nikajua nimekwisha.

Mzee akakaa chini polepole.

"Msichana mimi nakupa. Lakini waya za stima ya nyumba yako, mimi ndio nafunga."

Wakuu, kifaa cha kutoka nje kisome kibandiko kwanza. Kikisema 100-240, adapter inatosha. Kikisema 110 au 120 peke yake, tafuta transfoma, au mrudishie shangazi pasi yake.

Sasa tunaishi vizuri, ila baba mkwe huja kila mwezi kukagua soketi, na hapigi hodi.

Wewe uliunguza nini? Semeni, nisibaki mjinga peke yangu.