Halua Nyuma ya Gunia

Watu wa Usinge walipomtaja Lugembe mrina asali, hawakuanza na mizinga yake, ingawa alikuwa nayo mingi msituni. Walianza na ulimi wake. Akipewa ugali kwa jirani, alijua kama mtama wake ulianikwa juu ya mwamba au juu ya mkeka. Akionja mlenda, alimwambia mpishi kwa upole kwamba chumvi imeingia mapema mno. Wanawake walimpenda na kumwogopa. Walimkaribisha chakula kama mwalimu anavyomkaribisha mkaguzi wa shule.

Ulimi huo aliurithi. Baba yake, Ngollo, alikuwa mpagazi zamani, kabla ya reli. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na marobota ya nguo. Katika njia yote ile ya kiu, miiba na makaburi yasiyo na alama, mzee alirudi na habari moja tu aliyopenda kuisimulia: halua ya Tabora, ikiliwa ingali moto, pale pale inapotoka katika sufuria ya shaba. "Ya baridi ni ya kuwapelekea watu," alikuwa akisema. "Ya moto ni ya mtu mwenyewe." Mzee akafa, misafara ikafa, njia yao ikaota majani hata mbuzi wakalisha pale pasi na kujua wanakanyaga nini. Neno lile likabaki. Lugembe aliingia utu uzima akila michembe ya viazi, uyoga na asali yake mwenyewe, na kila alipolamba asali alijiuliza ni utamu gani huo, kupita huu, uliomfanya baba afumbe macho kwa kuusimulia tu.

Mwaka mmoja, siku hizo za Mwingereza, nta ilipatikana kwa wingi. Lugembe alimwambia mkewe, Leonia, kwamba safari hii hatamngoja mchuuzi. Ataipeleka Tabora mwenyewe. Kuhusu halua hakusema kitu. Mzee wa Kanisa la Moraviani kama yeye hawezi kuaga kwamba anapanda treni kwa ajili ya tumbo.

Alifika asubuhi, akaiuza nta kabla jua halijawa kali. Treni ya kurudi ingeondoka jioni. Akaenda moja kwa moja mtaa wa Kanyenye, kwa Mwarabu mmoja aliyeitwa Khalfani, ambaye halua yake ilisifiwa na kila aliyeulizwa njiani. Khalfani alikuwa ndiyo kwanza anawasha moto.

"Rudi alasiri," alisema. "Zunguka kwanza, bwana. Halua haiharakishwi."

Lugembe akaenda sokoni aanze na vitumbua. Alikuwa amekitia kimoja kinywani, kizima, kinatoa moshi, alipoinua macho akamwona mama mkwe wake.

Mnyamwezi wa siku zile hakumtazama mama mkwe usoni. Akikutana naye njiani, aliiacha njia. Na kutafuna mbele yake! Afadhali akutwe anaoga. Aliyefanya hivyo alitoa mbuzi wa kufuta aibu. Mbuzi akaliwa, aibu ikabaki. Mwinjilisti wa Usinge alikuwa amehubiri kwamba hizo ni mila za giza, lakini mama mkwe wa mwinjilisti aliishi mbali, Rungwe.

Huyu wa Lugembe aliitwa Minza. Siku chache kabla alikuwa amemuaga binti yake kwamba anakwenda hospitali ya Tabora kutazamwa macho. Hospitali haikuwa upande huu wa soko.

Lugembe aligeuka, akachutama, akampa mgongo kama ipasavyo, kisha akakimeza kitumbua bila kukitafuna. Kilishuka kama kaa la moto.

"Shikamoo, mama," alisema, machozi yakimtoka.

Hakusikia marahaba. Alisikia "mm" ya puani, halafu nyayo zinazoondoka haraka. Akajua amemuudhi.

Akahamia penye pilau, kibandani kwa mwanamke mmoja wa Kimanyema, ambako wanawake walikula upande wao nyuma ya mkeka. Sahani ikawekwa mbele yake, nyama juu, mvuke wa bizari ukampanda usoni. Akanawa. Akainua tonge.

"Niongeze ukoko, mwanangu," ikasema sauti nyuma ya mkeka. "Ule wa chini kabisa, wenye mafuta."

Sauti hiyo ilikuwa ikimwita Leonia kila kulipokucha. Lugembe akalirudisha tonge sahanini, akasimama kwa ncha za vidole.

"Baba! Mbona unakiacha chakula? Kibaya?" akauliza mwenye kibanda.

"Tumbo," alinong'ona, akatoka.

Ilipofika alasiri njaa ilikuwa imemshika kweli, na duniani alikuwa na tamaa moja tu. Khalfani alimpa kigoda. Mwiko ulikuwa mrefu kama mchi, na halua ilikuwa imeanza kuachana na sufuria, nzito, nyekundu, inapumua iliki na samli.

"Bado kidogo," alisema Khalfani. Kisha akatazama mlangoni, uso ukamchangamka. "Karibu, mama! Umerudi tena? Mteja wangu huyu, bwana. Macho yake mabovu, lakini halua anaiona."

Lugembe aliukabili ukuta. Mlangoni kanga ilirudi nyuma ghafla, ikajificha kando ya mwimo.

"Bwana Khalfani," ikasema sauti kutoka nje, "mwambie mkwe wangu treni isije ikamwacha."

"Mwambie mama," Lugembe akauambia ukuta, "hospitali isije ikafungwa."

Khalfani akatazama huku, akatazama kule. "Kwani nyinyi hamsikiani?"

"Tunasikiana," wakajibu wote wawili.

"Sasa mimi niseme nini?"

"Sema tu," alisema Lugembe. "Ndiyo heshima."

"Haya. Mama, anasema hospitali itafungwa."

"Nimesikia. Mwambie mimi mzee, na mzee hasimamishwi juani."

"Anasema ni mzee."

"Mwambie baba yangu alikufa akiitaja halua hii, na mimi sijaionja. Siondoki."

Mara neno lilipomtoka, Lugembe alitamani kulimeza kama kile kitumbua. Mtu hamwambii mama mkwe "siondoki", hata kwa kinywa cha Mwarabu. Minza aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwambie namkumbuka baba yake. Nilikuwa msichana aliporudi safari moja, akatugawia kidogo kidogo katika jani. Ilikuwa ya baridi. Akasema ya moto ni ya mtu mwenyewe. Tangu siku hiyo sijatulia."

Khalfani alikuwa ameegemea mwiko akisikiliza kama mtu aliye ngomani. Ghafla akanusa.

"Inashika! Mnanipelekesha na salamu zenu, inashika chini!"

Akakoroga kama mtu anayepigana. Kisha, huku akihema, akavuta gunia tupu pembeni, akalitundika kwenye kamba katikati ya duka.

"Wewe huku. Mama kule. Asiyeonekana hajala. Na mtu asinitume tena!"

Mila ilikataza kuonana. Juu ya kusikia mwenzio akitafuna, haikusema kitu.

Lugembe akaila. Ilimuunguza, ikateleza, ikamwacha na samli kwenye midomo na kitu kingine kilichokwenda mbali zaidi ya koo, mpaka kule kwenye njia iliyoota majani. Hakuamua kufumba macho, yalijifumba. Nyuma ya gunia ulimi ulilipiga kaakaa, ta, ta.

"Mwambie mkwe wangu," ikasema sauti, kinywa kimejaa, "kungumanga imezidi kidogo."

Lugembe akafikiri. Akaonja tena.

"Mwambie mama ni kweli."

"Tokeni dukani kwangu!" alisema Khalfani.

Walirudi kwa treni moja, mmoja behewa la mbele, mwingine la mwisho. Huko Usinge, Leonia alipokea kikapu kidogo cha ukindu kutoka kwa mumewe na kingine kutoka kwa mama yake. Akaviweka pamoja. Vilikuwa vimesukwa na mkono mmoja, na vyote vinanukia iliki.

"Mama, siku hizi hospitali inatoa halua?"

"Dawa ya macho," alisema Minza.

Leonia akaonja, akasema ni tamu. Hawakumwambia kwamba ilikuwa ya baridi.

Mwezi haukuandama mara mbili kabla Minza hajaketi nyuma ya ukuta wa jiko, mahali alipozoea kuketi yeye kila Lugembe alipokuwa uani.

"Leonia," aliita kwa nguvu, ingawa Leonia alikuwa hapo hapo, "mwambie mumeo macho yameanza kuuma tena. Mizinga ataifungua lini?"