Ndege Weupe wa Bwawani

Pilipili ikiungua kwenye mafuta, hata leo, wengine wanakohoa. Mimi natabasamu.

Mama alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Kisumu Ndogo. Kila siku ilipungua, na kila siku jirani wa mlango wa pili alitusikitikia: "Ni wale ndege weupe, Mama."

Mama alikulia ziwani. Alinishika mkono akanipeleka bwawani, kwenye mti ambapo ndege weupe wa aina mbili walijenga viota pamoja.

"Angalia midomo," akasema. "Wa mdomo mweusi anakula samaki, lakini hatoki majini. Anayekuja kwetu ni wa mdomo wa njano, na huyo anafuata nzi na panzi tu. Sasa omena yangu inaliwa na nani?"

Kesho yake alichanganya omena na pilipili ya unga, akaianika kama kawaida, akaniambia ninyamaze. Nilinyamaza kwa raha.

Jioni ploti nzima ilikohoa. Mama alisimama mlangoni kwa jirani, akauliza kwa upole, kila mtu akisikia:

"Jirani, kumbe siku hizi ndege wanakaanga?"