Sauti Iliyosema "Bado"

Iko alasiri moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka huwa nageuka kuangalia nyuma ya kiti. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba kimoja cha mabati hapa Eldoret, upande wa Langas, na nilikuwa najifunza kutulia. Juzi ulinionyesha simu yako, ile sauti ya mama mpole inayokuambia ufumbe macho uvute pumzi. Nikakwambia ni jambo jema. Sikukwambia yote. Keti basi, chai iko kwa thamosi.

Siku hizo nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mashine za kufuma zilipangwa safu kwa safu, na kelele yake ilikuwa kubwa hata ukitaka kumwambia mwenzako neno, anakusoma midomo. Kazi yangu ilikuwa kufunga nyuzi zilizokatika. Nikitoka, kelele ilitoka nami. Vidole vyangu vilifunga nyuzi hewani nikila ugali, vilifunga nyuzi kanisani. Usingizi ukawa mgeni. Wenzangu walisema ni uchovu wa shifti. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu: ile kelele nilikuwa naipenda. Nilichoogopa ni siku itakayonyamaza.

Jirani yangu kwenye ploti alikuwa bibi mmoja Mnandi. Sote tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Alikuwa amezika mume na wana wawili, na bado uso wake ulikuwa umetulia kama maziwa yaliyolala kibuyuni. Siku moja aliniona nikifunga nyuzi zisizokuwapo, akanishika mikono yote miwili.

"Nekesa, hii mikono inatafuta nini?"

"Ni kazi tu, Kogo. Imezoea."

"Kazi iko huko kiwandani. Hapa iko nini?"

Akaniketisha kwenye kigoda mlangoni pake, akanifundisha. Yeye hakuwa na jina kubwa la jambo hilo, aliliita kukaa. Mgongo usimame, mikono ilale juu ya mapaja, macho yafumbwe nusu. Pumzi ikitoka, hesabu moja. Ikitoka tena, mbili, mpaka kumi, kisha rudi mwanzo. Akili ikitoroka usiipige, irudishe taratibu kama ndama aliyeingia shamba la watu. Tena iwe kwa muda wa sufuria ya maziwa kuchemka, basi, uinuke uendelee na kazi zako.

"Na usikae peke yako mpaka nikwambie," alisema. "Mtu akinyamaza, vitu vinakuja. Vikija, mwenzako awe karibu."

Nilitabasamu tu. Nilidhani ni woga wa wazee.

Wiki mbili tulikaa hivyo, mimi kwenye kigoda na yeye akichambua mboga kando yangu, na haki ya Mungu mikono yangu ilianza kulala. Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nikajiambia, kama sufuria moja ya maziwa inanipa utulivu huu, alasiri nzima itanipa nini? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mwanangu. Siku ya mapumziko ilipofika, Kogo akiwa ameenda sokoni Ziwa, nje ya mji, nilifunga mlango, nikatundika blanketi dirishani, nikakaa sakafuni. Ilikuwa saa nane mchana.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilihesabu kumi, nikarudi, nikahesabu tena. Kisha, ghafla kama mtu amekata stima, kelele ya mashine ikazimika masikioni mwangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema waliotutangulia. Katika kimya kile nilitambua kwamba pumzi zilikuwa mbili.

Yangu ilikuwa ndefu. Ile nyingine ilikuwa fupi fupi, ya mtu aliyetoka kukimbia na sasa anajizuia asisikike. Nikabana yangu. Ile ikaendelea kidogo, halafu nayo ikabanwa. Nikajiambia ni jirani, kuta zenyewe ni mabati. Nikaendelea kuhesabu. Nane. Tisa. Kumi.

Nyuma yangu, karibu na sikio, sauti ya mtoto anayezuia kicheko ikasema, "Bado."

Unaujua mchezo wa brikicho. Mmoja anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimaliza anaita, na yule ambaye hajapata pa kujificha anaitikia "Bado!" Sasa sikiliza. Nilikuwa na mdogo wangu, Nafula. Baba yetu alitoka Bungoma kuja kufanya kibarua katika shamba kubwa la mahindi upande wa Sugoi, na huko ndiko tulikolelewa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Nafula mitano. Siku moja tulicheza brikicho kando ya shamba hilo, mahindi yakiwa yamepita kimo cha mtu mzima. Nilihesabu, nikaita, akasema bado. Nikahesabu tena, akasema bado, kutoka mbali zaidi. Nikachoka. Wenzangu walikuwa wanachoma mahindi, harufu ikanivuta, nikaenda. Nikamwacha mtoto amejificha akingoja kutafutwa.

Mvua ya mawe ikanyesha. Walimpata jioni, katikati kabisa ya shamba, amejikunja kati ya mistari miwili. Homa ya mapafu ikamchukua siku ya tatu. Mama aliponiuliza, nilisema, "Nilimwita sana, mama, akakataa kutoka." Na tangu siku hiyo sikuwahi kulitaja jina lake.

Basi pale sakafuni nilitaka kuinuka, mwili ukakataa. Mdomo wangu ukaanza tena wenyewe, moja, mbili, tatu, na sauti iliyotoka haikuwa ya msichana wa miaka ishirini na miwili. Ilikuwa sauti yangu ya utoto. Kila nilipofika kumi, yule aliitikia, "Bado." Na kila mara aliitikia kutoka mbali zaidi, mwanangu. Chumba kile kilikuwa hatua nne kwa tano, lakini sauti ilikwenda, ikaenda, ikapita ukuta na kila kitu. Nilisikia majani makavu yakisuguana. Nilisikia harufu ya udongo. Halafu mawe yakaanza kupiga mabati juu yangu, na sikuweza kujua kama ni mvua ya siku ile au ya siku nyingine.

Kilichonirudisha ni maji baridi usoni. Mvua ilikuwa imevunja soko, Kogo akarudi mapema, akasikia mtoto akihesabu chumbani kwangu. Alibisha, kisha akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Alinikuta macho wazi, nahesabu. Alinigeuza mikono akaitazama. Kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko ilikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, kama ya mtu aliyepita mbio kwenye mahindi. Langas nzima mwezi ule hakukuwa na bua la mahindi hata moja lililosimama. Sijui, mwanangu. Nimeishi miaka mingi na bado sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Alinipa chai, akangoja niimalize. Kisha akanikemea, na sijawahi kukemewa hivyo tena.

"Nilikwambia nini? Wewe umefungua zizi lote siku moja, halafu unashangaa kukanyagwa!"

"Kogo, ni shetani?"

"Shetani gani? Huyo ni mtoto. Umemjua?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia binadamu. Akaniuliza jambo moja tu: "Mama yako yuko hai?"

Asubuhi tulipanda gari kwenda Sugoi, mimi na yeye. Mama alikuwa anapukuchua mahindi uani. Kogo akakaa pembeni, akachukua hindi akaanza kupukuchua naye bila kuambiwa. Nikapiga magoti. Nilisema yote: kuhesabu, kuita, harufu ya mahindi ya kuchoma, na uongo wangu.

Mama alisimama, punje zikimwagika chini kutoka mapajani. "Ondoka mbele yangu," alisema. Akaingia jikoni. Nilibaki pale nimepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, na kuku wakaja wakadona punje mpaka karibu na mikono yangu. Kogo alipukuchua tu.

Mama alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo mara ya mwisho ulipomsikia... alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka. Alikuwa anajizuia kucheka."

Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. "Nilimchapa asubuhi ile," alisema. "Alimwaga maziwa, nikamchapa. Uliposema amekataa kutoka, nikajua ananikimbia mimi. Miaka hii yote, Nekesa. Nilijua mtoto alikufa akinikimbia."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa maneno yangu madogo ya utotoni. Mimi nilijificha nyuma ya uongo, na mama yangu akabebeshwa hatia isiyokuwa yake. Tulilia wote wawili. Hakunisamehe siku hiyo, usije ukadhani. Alinisamehe taratibu, kwa miezi, leo neno moja, kesho kikombe cha chai. Lakini siku ile ile alianza kumtaja Nafula kwa jina, na akaanza kusimulia vituko vyake, na akacheka.

Niliporudi Langas nilikaa tena, Kogo akiwa kando. Ilinichukua wiki nyingi kufika kumi bila kutetemeka.

Basi mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Jifunze kutulia, ni dawa, lakini uianze kidogo kama dawa inavyoanzwa. Simu yako inajua kuhesabu pumzi ila haitasikia ukianza kupotea, kwa hiyo mwanzoni mwombe mtu akae chumbani, hata kama anachambua mboga. Mawazo madogo yakija yaache yapite. Lakini likija jambo lenye uso na jina, likarudi na kurudi, usilifukuze na usilifuate peke yako. Inuka umtafute anayehusika nalo, umwambie ukweli angali hai. Na likikuzidi, nenda kwa mtu aliyesomea mambo hayo, hakuna aibu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ndani yako kukiwa na deni la ukweli, hakuna mkeka wala mto utakaokupa raha.

Nenda salama, mwana wa mwanangu. Mungu akulainishie pumzi yako, akupe moyo usioogopa ukimya, na asikuache hata siku moja ukae gizani bila mkono wa mtu karibu. Amina.