Orodha ya Abiria wa Tanga

Serikali mbili zilizoshindwa kuishi nyumba moja, zilipoanza tena kusemezana zilianza na basi. Jumuiya ilikuwa imevunjika, mpaka ukafungwa kwa miaka, na ulipofunguliwa ikaundwa kamati ya pamoja ya kusimamia usafiri baina yetu na Watanzania. Wakawa wanakutana mara huku mara kule, wanakula biriani, na kila kikao kinazaa fomu. Walizigawana siku kama wataliki wanavyogawana mtoto: Jumanne basi letu, Ijumaa basi lao. Na kila safari ilitakiwa orodha ya abiria, nakala tatu, idadi imeandikwa chini kwa tarakimu na kwa maneno. Orodha ikishapigwa mhuri Mombasa, idadi haibadiliki. Jina laweza kufutwa likaandikwa jingine, alimradi maafisa wa pande zote mbili watie sahihi. Kichwa hakiongezwi.

Nayajua haya kwa sababu aliyeiandika orodha hiyo Malindi ni mimi. Nilikuwa karani wa kampuni ya mabasi, mwenye shati moja jeupe na maringo ya mashati kumi.

Asubuhi moja babu yangu alitoka Mambrui akaja dirishani kwangu. Dada yake nyanya, aliyeolewa Tanga, alikuwa mahututi. Hawakuwa wameonana tangu mpaka ufungwe, na ujumbe uliofika ulisema mgonjwa haulizi dawa, anamuuliza mdogo wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Niandike nasafiri na mwenzangu."

Mwanamume wa rika lake hakulitaja jina la mkewe mbele ya wanaume wengine. Kwake ilikuwa sawa na kumvua buibui sokoni. Nyuma yake palikuwa na foleni ya wanaume wamesimama kusikiliza, nami nikaona haya kumuuliza. La aibu zaidi ni kwamba mimi mwenyewe jina hilo sikulijua. Kwangu alikuwa nyanya, kwa majirani mama fulani, na mwisho wa habari. Basi nikaandika jina la babu, na mstari huohuo nikaongeza "pamoja na mkewe", kwa hati nzuri kabisa. Kisha nikahesabu mistari, nikapata thelathini na moja.

Jumanne nikapanda nao. Fomu zilitaka karani asafiri na orodha yake, nadhani ili apatikane wa kukemewa. Tukavuka feri ya Kilifi, tukapigiwa mhuri Mombasa na mtu ambaye hakuinua hata macho, tukavuka Likoni, na baada ya alasiri tukafika mpakani.

Afisa wetu, mtu wa bara, akapanda akahesabu watu kwa kidole.

"Karani, hapa imeandikwa thelathini na moja. Mimi naona thelathini na mbili. Hii mama ametoka wapi?"

Nikamwonyesha ule mstari. Akasema mstari mmoja ni mtu mmoja. Akamwita mwenziwe wa upande wa pili, naye akaja na nakala yake, mpole hata nikatamani kumzaba kofi.

"Poleni sana na safari, wazee wangu. Ila utaratibu wa pamoja hauruhusu."

Kwa mara ya kwanza nchi hizi mbili zilikubaliana bila kikao. Mmoja lazima abaki. Wahudumu tulikuwa na fomu yetu, kwa hiyo kushuka kwangu kusingesaidia kitu, ingawa ndimi niliyestahili. Abiria wote wakageukia madirishani, ghafla kila mmoja anapenda kutazama vichaka.

"Nifuteni mimi," akasema babu.

Nyanya hajawahi kusafiri bila yeye, hata kufika Kilifi. Nikataka ardhi inimeze.

"Sawa," akasema afisa wetu. "Jina la mama?"

Babu akaanza kukipanga upya kikapu chake. Nyanya angeweza kulisema, na sote tukamgeukia.

"Muulizeni yeye," akajibu, ametulia kitini. "Tangu aniowe yuaniita 'we'. Hebu leo alitaje."

Wanawake wa viti vya nyuma wakacheka. Lango lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili, na huko Tanga kuna mtu anayehesabu pumzi. Babu alivua kofia, akajifuta uso nayo, akaivaa tena. Akalisema jina chini chini.

"Sijasikia, mzee," akasema afisa wetu.

Babu akalisema tena, na safari hii lilisikika mpaka kwa dereva. Lilikuwa jina zuri. Maafisa wakaliandika, wakatia sahihi, kila mmoja kwa kalamu yake, maana nadhani kamati ilikuwa haijaafikiana bado kuhusu wino. Babu akashuka na kikapu chake, akaanza kutafuta lori la kumrudisha Mombasa. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Nyanya hakulia. Aliniambia nikae vizuri, namzibia upepo.

Alirudi na basi letu baada ya wiki mbili. Babu alikuwa kituoni Malindi tangu asubuhi, na nyanya aliposhuka hata salamu hakungoja.

"Uliwahi?"

"Niliwahi. Nilimsimulia ulivyotoka jasho pale mpakani, akacheka hata akapaliwa. Kesho yake alfajiri akafa."

Babu akampokea kikapu, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Alicheka sana?"

"Sana," akasema nyanya.