Nilitafuta mizizi ya asparagasi Lilongwe, nikaja kuitafuta upya kwenye jalala la Dzaleka

Wakuu, habari za humu.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu waliouziwa mbegu feki. Mimi sikuuziwa mbegu feki. Nilipata mbegu halisi kabisa, na bado nilikoma. Ninayoandika yalinitokea na sijaongeza chumvi.

Ni katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa wakimbizi kambi ya Dzaleka, Malawi, tukitokea Uvira. Tulikula mahindi na maharage ya mgawo, kisha maharage na mahindi.

Mpishi mmoja wa mkahawa Lilongwe aliniambia angenunua asparagasi yoyote nitakayolima, kwa sharti moja: iwe organic, isiguswe na mbolea ya dukani wala dawa. Sharti hilo halikunisumbua. Dzaleka hata sabuni ilikuwa ya kugawana.

Kwa wasioijua, asparagasi ni mboga inayochomoza ardhini kama kidole cha kijani, na kidole hicho ndicho kinacholiwa. Ukipanda kwa mbegu unasubiri sana. Njia ya mkato ni kupanda shina la chini lililokwisha komaa: kichwa kigumu chenye macho, na mizizi minene imetawanyika pande zote. Linafanana na buibui mkubwa aliyekufa. Haya nilijifunza kwenye kitabu cha kilimo kisicho na jalada, nilichokisoma mpaka kikaachana kurasa.

Kiwanja tulikuwa nacho, kidogo, nyuma ya kanisa. Tatizo ni kwamba mke wangu, Mama Neema, alikitaka kwa matembele.

"Baba Neema," aliniambia, "mvua ikinyesha mara ya pili na sijaona kitu kya kijani pale, mi napanda matembele yangu. Batoto habakulake kitabu."

Nikakubali. Alikuwa na haki.

Lilongwe nilizunguka maduka ya pembejeo. Kote walikuwa na mahindi, tumbaku na mboga za kawaida. Muuzaji mmoja alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akaniuzia kabichi.

Mwishowe, mtaa wa Kauma, fundi bustani mmoja alinielekeza kwa bibi wa kizungu mstaafu aliyekuwa anang'oa tuta lake la zamani la asparagasi ili apande waridi. Bibi alisema nichimbe nichukue bure. Kabla ya kuchimba nikamhoji: tuta limewahi kuwekewa mbolea gani? Dawa gani? Mwaka gani? Akaniangalia, nguo zangu zikiwa zile za msaada, akajibu yote kama mwanafunzi. Samadi tu. Nikaridhika, nikachimba.

Nilirudi na gunia kwenye matola, yaani pickup ya abiria. Mama mmoja alichungulia ndani ya gunia, kisha akamhamisha kuku wake upande wa pili.

Sasa hapa wakuu ndipo penye somo.

Nilifika nyumbani, nikaliweka gunia kivulini, nikaenda kwa Mzee Ramazani kuomba samadi. Mzee Ramazani ni Mwislamu wa Kindu, kule Maniema, mchinjaji, mwenye mbuzi. Nyumbani nilimwacha bofrere wangu Wilondja, kaka wa mke wangu. Wilondja ni mkulima wa Fizi, na kwa muhogo sijaona mtu wa kumshinda. Sikumwambia kitu. Niliona hakuna haja.

Niliporudi na samadi, kiwanja kizima kilikuwa kimepandwa. Vijiti vimelala mlalo mzuri, mistari imenyooka.

"Bofrere," akasema huku akifuta panga, "ulileta bitu kidogo sana. Mi nimekuongezea."

Alikuwa amekata ile mizizi yote, vipande vya kiganja kimoja kimoja, akaichomeka kama vijiti vya muhogo.

"Na vichwa?" nikauliza.

"Bichwa? Bilikuwa bibaya, biko na bitundu-bitundu kama ugonjwa. Nilitupa kwa jalala."

Hivyo vitundu-tundu ndivyo macho. Mzizi wa asparagasi bila kichwa hauoti. Alikuwa amepanda mwili na kutupa roho.

Nilienda kwenye jalala la mtaa wetu, nikakunja suruali, nikaingia. Nilichimba kwa mikono, taratibu, ili nisivunje macho.

Kambini walikuwa wananiita Profesa. Profesa akionekana ndani ya jalala, watu husimama. Wa kwanza alikuwa Mzee Ramazani.

"Profesa, uko natafuta nini?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

"Ya mboga."

Akaiangalia mikono yangu. Kisha akasema polepole, "Mutu wa kusoma, anachimba jalala kwa mikono, pole pole hivi, juu ya mboga?"

Wakuu, lazima mwelewe. Watu wa Maniema wamekulia kwenye dhahabu. Kwao, mtu anayechimba kwa uangalifu namna ile na kutoa jibu la kijinga namna ile, maana yake ni moja.

Mzee akavua koti. Muda si mrefu walikuwa wengi, na makarai na chekeche. Waligawana jalala vipande, kila mtu na mpaka wake. Niliwaapia ni mboga. Mmoja akaniambia, "Apa vizuri, Profesa, hata mi ningeapa."

Walilichekecha jalala lote hadi udongo mwekundu. Kila walipokuta kichwa cha asparagasi walikitupa nyuma kwa hasira, nami nilikuwa nyuma na gunia.

Nilivipanda siku hiyo hiyo, ndani ya mtaro niliouchimba pembeni mwa kiwanja, juu ya samadi. Vingi vilikuwa vimejeruhiwa. Vijiti vya Wilondja sikuving'oa. Alikuwa akivimwagilia kwa imani mpaka vikaoza vyenyewe.

Mvua ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili ikanyesha, na asubuhi yake Mama Neema akaja na mzigo wa matembele kichwani. Akatembea kando ya mtaro, akainama.

"Kiko kimoja," akasema.

"Kimoja nacho ni kitu cha kijani."

Alikitazama sana. "Kinaliwaka lini?"

"Baada ya misimu miwili. Ukikivuna sasa, shina linakufa."

Akashusha mzigo, akahesabu hatua tatu kutoka kwenye mtaro, akaanza kupanda matembele kuanzia hapo.

"Hicho kidole chako nitakichunga," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini Wilondja asijue kiko wapi."

Somo langu: ukipata mbegu bora, kila mkono utakaoigusa uonyeshwe uhai wake uko upande gani, hasa mkono wa mtu hodari. Mgeni wa kilimo angeniuliza. Hodari hakuona cha kuuliza.

Aliyewahi kugawa mashina ya zamani yakashika vizuri atueleze alifanyaje. Na mwenye bofrere mkulima naye aseme, nisijione niko peke yangu.